Msimjie kwa Nyuma

Uliangalia pembeni. Usijitie hamnazo. Siku Lavell Motley alipomwangusha mama yake mzazi mbele ya mji mzima, ukumbi uliojaa watu uligundua ghafla kwamba viatu vina vumbi. Mchungaji alitazama viatu vyake. Meya alitazama simu yake. Vijana wa bendi walitazama ngoma zao kana kwamba ndiyo kwanza wanaziona. Na wewe ambaye hukuwepo, huko ulipo una Lavell wako, unampita kila uendapo dukani, na viatu vyako umeshavikariri vilevile. Basi leo tazama huku.

Katika mji wa Pruitt, jimbo la Alabama huko Marekani, wapo akina mama wanaojiita Sindano za Jumanne. Kila Jumanne hukutana katika ukumbi wa nyuma wa kanisa la Mlima Nebo, wakashona mifarishi: yale mablanketi mazito ya viraka, kitambaa juu, pamba katikati, kitambaa chini, vyote vikashikwa kwa mishono midogo ya mkono mpaka vikawa kitu kimoja. Hawauzi. Wanampa mwanajeshi aliyerudi kutoka vitani. Nao wana desturi yao: mfarishi hautumwi kwa posta, haupokelewi na mtu mwingine kwa niaba. Wanawake wawili wanaukamata kwenye kona mbili, wanamjia mwanajeshi kwa nyuma akiwa ameketi, wanamfunika mabega, halafu wanamkumbatia. Kwa nyuma, kwa sababu Dada Vernice, mwenyekiti wao, alisema hivyo ndivyo picha inavyotoka vizuri, uso unaonekana.

Idella Motley alikuwa wa kwanza kujiandikisha. Mwanamke huyu hakuwa mtu wa kusahau. Babu yake alirudi kutoka vita ya kwanza ya Ulaya amevaa sare, akavuliwa na wazungu palepale kwenye jukwaa la stesheni, akatembea mpaka nyumbani na nguo za ndani. Mjomba wake alirudi kutoka Korea akapanda basi, akaambiwa viti vya watu weusi ni vile vya nyuma, anavijua. Mumewe Hosea alirudi kutoka Vietnam, akakaa barazani na chupa miaka na miaka, na kila aliyepita barabarani alipaza sauti, “Vipi, Hosea!” bila kupunguza mwendo, hadi ikafika siku hapakuwa na Hosea wa kusalimiwa. Hakuna kati yao aliyepewa hata leso. Kwa hiyo siku ile Vernice alipotangaza kanisani kwamba wanatafutwa washonaji, Idella alisimama kabla hajamaliza sentensi.

“Safari hii,” alisema, “watafunikwa wangali hai.”

Lavell alikuwa mwanawe wa pekee, aliyempata umri umeshasogea. Alikulia chini ya fremu ya kushonea. Enzi hizo fremu ilining'inizwa kwa kamba kutoka darini, wanawake wameizunguka pande zote, na mtoto huketi chini yake kama ndani ya hema, kazi yake kutunga uzi. Macho ya wakubwa yameshachoka. Ya mtoto bado yanaliona tundu la sindano. Mkono unashuka na sindano tupu, mtoto analowesha ncha ya uzi ulimini, anapenyeza, anairudisha juu. Lavell alikuwa hodari. Mozelle Tubbs, jirani na shoga wa Idella tangu utotoni, alikuwa akimlipa kwa peremende za mnanaa zenye vumbi la mfukoni.

Kiwanda cha soksi kilipofungwa, Lavell aliingia jeshini kama nusu ya vijana wa darasa lake. Alikwenda Iraki mara moja, Afghanistan mara mbili. Alirudi na miguu yake yote miwili, na watu wakaona hiyo inatosha. Wakampigia honi. Wakampa chakula cha bure siku moja kwenye mkahawa. Hakuna aliyeuliza mbona anakaa kiti cha pembeni tu, mgongo ukutani, macho mlangoni. Idella aliona. Aliona kitanda chake hakijakunjuliwa na mto uko sakafuni. Lakini asubuhi Lavell alikuja jikoni, wakanywa kahawa wawili, yeye kikombe cha bluu chenye ufa, mama kile cheupe, redio ikiimba taratibu. Hawakuzungumza sana. Kwake Idella, asubuhi zile zilikuwa utajiri.

Ikaja siku ya kuwaenzi wanajeshi wa zamani, mwezi wa Novemba. Sherehe ilipangwa katika ukumbi wa michezo wa shule. Zamu ya kufunikwa ilikuwa ya Lavell, na mfarishi wake Idella aliushona mwenyewe: nyota nyekundu na buluu kama Vernice alivyotaka, lakini katikati ya kila nyota aliweka kipande cha shati la kazi la Hosea, lile la kijivu.

Lavell alipoingia akaona viti vya wageni wa heshima vimepangwa katikati kabisa ya sakafu, alisimama.

“Mama, siwezi kukaa pale.”

“Kwa nini, mwanangu?”

“Nyuma kuna watu. Niache nikae kule juu kwenye ngazi za watazamaji, karibu na ukuta. Mniletee kule.”

Idella alimtazama Vernice. Vernice alitazama saa. “Dada Idella, jamani, mpiga picha wa gazeti ameshapanga taa zake. Ni dakika mbili tu. Lavell, mtoto wangu, umevuka Afghanistan nzima, utashindwa na kiti?”

Watu wa karibu walicheka. Mchungaji alicheka. Na Idella, ambaye alisikia vizuri kabisa mwanawe alichoomba, alimshika mkono akasema, “Dakika mbili, baba. Halafu twende nyumbani tukale.”

Akakaa. Mama na Mozelle wakazunguka kwa nyuma na mfarishi. Bendi ikapiga ngoma. Wale wanawake wawili walishusha kitu kizito juu ya mabega ya mtu ambaye hakuwaona.

Ilikwisha kabla ngoma haijanyamaza. Kiwiko kilirudi nyuma, mwili mzima ukageuka, kitambaa kikalia mchaniko, na Idella akawa chini kwenye mbao zilizong'arishwa, mkono wake wa kulia umejikunja pasipo na kiungo. Lavell alikuwa amesimama juu yake, ngumi juu. Kisha akaona ni nani.

Uso wake ulibomoka. Alirudi nyuma hatua kwa hatua mpaka akagusa mlango wa pembeni, akausukuma, akatoka. Pikapu yake ikasikika ikiondoka.

“Lavell!” aliita Idella kutoka sakafuni. “Jamani, mfuateni!”

Hapo ndipo viatu vilipotazamwa.

Mfupa wa kifundo cha mkono ulivunjika. Hospitali walimfunga plasta ngumu kutoka kwenye vidole hadi chini ya kiwiko, na polisi kijana akaja kuuliza kama anataka kufungua mashtaka. Idella alimuuliza naye kama anataka kupigwa kwa plasta.

Lavell hakurudi nyumbani. Alionekana nyuma ya kiwanda cha zamani cha kuchambua pamba, kilichofungwa tangu enzi za baba yake Idella, ameegesha pikapu pua ikitazama barabara, mgongo kwenye ukuta wa matofali. Akawa analala humo. Watu walijua. Walipita na kusema, “Masikini,” au, “Hatari yule,” kisha wakawasha redio. Na Idella kila asubuhi alitoa vikombe viwili kabatini kwa mkono wa kushoto, akavitazama, akakirudisha kimoja. Kahawa haikuwa na ladha. Alikuwa akisikia gari lolote likipunguza mwendo pale nje, anasimama, pazia linasogea, gari linapita. Alimtamani mwanawe kwa mwili mzima, kama mtu mwenye homa anavyotamani maji.

Jumanne iliyofuata alikwenda ukumbini kama kawaida. Mfarishi wa Lavell ulikuwa mezani, kona moja imechanika, utepe wa ukingo umeachia na pamba inachungulia.

“Tumekuwa tukizungumza,” Vernice alianza, kwa ile sauti ya mtu ambaye ameshakubaliana na wengine nyuma yako. “Utashonwa hapo ulipochanika, halafu Krismasi tumpe mwanajeshi mwingine. Yule kijana wa familia ya Pettway amerudi. Anafaa. Mtaratibu.”

“Huo una mwenyewe,” alisema Idella.

“Dada Idella, mwenyewe aliutupa sakafuni. Pamoja na wewe.”

“Aliomba akae ukutani, Vernice. Ulimsikia. Mlimsikia wote, mkacheka. Nami nikamkalisha.” Aliuvuta mfarishi kwa mkono mmoja, ukaanguka nusu, akauvuta tena. “Nautengeneza mwenyewe.”

“Kwa mkono upi?” alidakia mmoja.

“Labda kwa meno,” alisema Mozelle, akiinuka kumsaidia kuukunja.

“Ikibidi, kwa meno,” alisema Idella. “Lakini kwanza nitamng'ata mtu humu ndani.”

Hakuna aliyecheka safari hii. Mozelle aliubeba mfarishi hadi kwenye gari, akaufunga mkanda kiti cha nyuma kama abiria.

“Haya, mama mkali. Tunakwenda wapi?”

“Kwenye pamba.”

“Idella. Mimi pia nilikuwa nimeshika kona. Nusura anivunje meno, na haya nimeyanunua.”

“Basi utabaki garini na meno yako.”

Alimwambia asimame mbali, upande wa mbele, pale Lavell anapoweza kuliona gari lote. Akateremka. Alitembea katikati ya njia ya changarawe polepole, mkono mzima ukiwa wazi, ule wa plasta kifuani, akiimba kwa sauti wimbo wa kanisani aliokuwa akiuimba jikoni, ili mtu asishtuke. Ndani ya pikapu kichwa kiliinuka. Aliendelea kutembea, akiwa mbele yake wakati wote, mpaka akafika kwenye dirisha. Kioo kilishuka kidogo, upana wa vidole.

“Rudi nyumbani, Mama.” Ndevu zilikuwa zimemjaa. Hakuutazama mkono.

“Narudi. Sikuja kukuchukua.” Alipenyeza vidole kwenye upenyo ule: sindano tupu, na uzi mweupe. “Nimekuja kutungiwa uzi. Mkono mmoja hautoshi.”

“Mozelle yuko pale. Akutungie yeye.”

“Mozelle haoni hata barabara. Si umeona alivyoegesha?”

Upepo ulipita kwenye mabati ya kiwanda. Kisha vidole vikatokea, vikachukua sindano, vikachukua uzi. Alikosa. Alikosa tena. Ndipo akafanya kitu ambacho mama yake alikuwa hajakiona tangu akiwa mtoto wa chini ya fremu: alilowesha ncha ya uzi ulimini, akafumba jicho moja, akapenyeza. Akairudisha sindano dirishani, tundu likiwa na uzi wake.

“Asante, baba,” alisema Idella. Aliacha mkate wa mahindi uliofungwa kwa karatasi ya foili juu ya boneti, akageuka, akarudi kwa njia ileile, akilia njia nzima huku akiimba ili sauti isikatike.

Kesho yake alikwenda tena.

“Uzi wa jana umeisha?” aliuliza Lavell.

“Nimeuharibu. Mkono wa kushoto ulizoea kubeba vikombe tu.”

Siku hiyo kioo kilishuka hadi nusu. Siku nyingine alitungiwa sindano mbili. Siku nyingine mvua ilinyesha, na Lavell akafungua mlango wa upande wa pili. Mama akapanda, wakakaa wakitazama maji yakikimbia kwenye kioo cha mbele, wakila siagi ya karanga kwenye mkate mmoja. Mozelle, aliyekuwa akimpeleka kila mara, alipiga honi mara moja akauliza kwa kelele kama yeye ni dereva wa ikulu. Lavell alitikisa kichwa. Huenda kilikuwa kicheko.

Kisha Idella akauleta mfarishi wenyewe.

Aliuweka mapajani mwake, kona iliyochanika juu. Lavell aliitazama pamba iliyochomoza. Akaitazama plasta kwa mara ya kwanza, yote, kutoka vidole hadi kiwiko.

“Sikukuona, Mama.”

“Najua.”

“Niliona mikono tu. Mikono na kitu kinashuka. Ningekuua.”

“Hukuniua. Uliomba ukae ukutani, nami nikakwambia dakika mbili. Hilo nalala nalo mimi.” Alimpa sindano. “Shona.”

“Mimi natunga uzi. Sijui kushona.”

“Umekaa chini ya mishono mpaka meno ya utoto yakang'oka yote. Shona.”

Alishona. Utepe ulimkwepa, sindano ikamchoma, akatukana, akaomba radhi. Mishono yake ilikuwa mikubwa kama meno ya farasi.

“Mungu wangu,” alisema Idella. “Hata Mozelle angecheka, na yeye anashona kama anachimba viazi.”

“Nifumue?”

“Uache hivyohivyo. Uonekane ulipochanika.”

Alipomaliza, alikata uzi kwa meno. Alikishika kile kipande cha kijivu cha shati la baba yake kati ya vidole viwili, akakisugua kwa muda mrefu. Wakateremka nje kwenye jua jembamba la Desemba, kwa sababu ndani hapakuwa na nafasi. Idella akasimama mbele yake, uso kwa uso.

“Nikufunike? Nikiwa huku mbele?”

Lavell aliangalia barabara, akaangalia ukuta nyuma yake, akaitikia kwa kichwa.

Mfarishi ule ni mzito, na mkono mmoja haukuweza. Kona moja ilipanda begani, nyingine ikabaki ikiburuta kwenye changarawe. Walisimama hivyo. Halafu Lavell akainama, akaishika mwenyewe ile kona ya meno ya farasi, akaizungusha juu ya bega lake. Mama akaweka kipaji cha uso kifuani mwake. Kule garini Mozelle alipiga honi na kusahau kuondoa mkono.

Jioni hiyo pikapu ilifuata gari la Mozelle hadi nyumbani. Lakini hakuingia ndani. Alipanda ngazi, akafika barazani, akakalia kiti kilekile alichokuwa akikalia Hosea, mfarishi umemzunguka, na hapo akaishia. Idella hakumvuta. Aliacha mlango wazi pamoja na baridi yake, akawasha taa ya jikoni, akarudi akakaa upande wa ndani wa kizingiti, yeye huku, mwanawe kule.

Asubuhi vilitoka vikombe viwili. Cha bluu kilikwenda barazani.

Jumanne Idella aliingia ukumbini. “Mwanangu yuko barazani kwangu,” aliwaambia. “Amefunikwa. Njooni mumsalimu. Njooni kwa njia ya mbele, awaone mkija, mwambieni majina yenu, mkae. Msilete mpiga picha.”

Vernice alisema wiki hii ni ngumu, kuna maandalizi ya tamthilia ya Krismasi. Mchungaji alisema atamweka kwenye maombi. Wengine walikumbuka majiko waliyoyaacha yanawaka. Wote ni watu wema, muulize yeyote. Walishona mifarishi mpaka vidole vikaota sugu, lakini kutoka kanisani hadi baraza lile, mwendo wa wimbo mmoja, hawakufika. Mozelle peke yake ndiye aliyekuja, amevaa kofia ya Jumapili, akitangaza tangu barabarani: “Lavell Motley! Ni mimi Mozelle Tubbs, nakuja kwa mbele, nina pai ya viazi vitamu na sina silaha!” Akaketi hadi giza likaanza kuingia, akisengenya nusu ya mji. Mfukoni alikuwa na peremende za mnanaa, zina vumbi vilevile.

Lavell bado yuko barazani. Siku nyingine kiti kinasogea kuelekea mlangoni, siku nyingine kinarudi. Mama yake anakisikia kikikwaruza mbao naye yuko kwenye sinki mkono mmoja umo majini, na kila kikikwaruza anasimama, anasikiliza kinakwenda upande upi. Barabarani magari yanapita. Dirisha linashuka. “Vipi, Lavell!” Na mwendo haupungui.

Ni maneno yaleyale waliyompa Hosea.

Na wewe uliyesoma mpaka hapa, wa kwako unamjua. Alirudi kutoka Somalia au Kongo au popote walikompeleka, mlimpigia makofi siku moja, sasa anakaa mgongo ukutani na nyote mnasema alibadilika. Weka chini karatasi hii. Usisubiri sherehe, usisubiri mpiga picha, usimtumie ujumbe. Vaa viatu ulivyokuwa ukivitazama. Nenda kwa njia ya mbele, taja jina lako angali mbali, keti pale anapoweza kukuona, na usiondoke kahawa ikiwa bado ya moto. Nenda sasa hivi. Anakisikia kila kinachopita.